Nilidhani ni keateka amefuata kodi, kumbe ni mhudumu wa afya

JUMAMOSI moja mwendo wa saa tatu asubuhi nilisikia hodi mlangoni. Kama umewahi kupanga chumba Kayole, unajua hodi ya saa hiyo mwanzo wa mwezi ni ya nini. Nikapunguza sauti ya simu, nikatulia tuli kitandani nikingoja keateka achoke aende zake. Bahati mbaya nikakohoa.

Hakuwa keateka. Alikuwa mama wa ploti ya pili kutoka kwetu, yule wa kibanda cha mboga karibu na steji, begi mgongoni na simu mkononi.

“Kijana wangu, hii ni mara ya nne nakuja. Kila siku napata kufuli.”

Nilimkaribisha nikiwa na aibu. Akaniuliza tunaishi wangapi humo ndani, maji ya kunywa nayatoa wapi, na hicho kikohozi kimekaa siku ngapi. Kikipita wiki mbili, akasema, lazima nipimwe kifua kikuu. Kisha akatoa mashine ya kupima presha. Hapo nikacheka. Nina miaka 26. Presha si ni ya wazee?

148 kwa 96.

Hakushtuka. Aliniambia niketi vizuri, miguu sakafuni, nisiongee wala kushika simu kwa dakika tano. Akapima tena: 146 kwa 94. Ukifika 140 kwa 90 hilo si jambo la kupuuza, ingawa kipimo cha siku moja hakitoshi kusema una ugonjwa. Nikamuuliza ananipa dawa gani. Akanijibu kwamba yeye si daktari, akajaza fomu ya rufaa na kunielekeza kwenye zahanati.

Nikiri kwamba hadi siku hiyo nilidhani hawa akina mama wa mabegi ni wa kuhesabu watoto na kuuliza nani hajapata chanjo. Hiyo nayo ni kazi yao, na ni kubwa. Wana utepe wa kuzungusha kwenye mkono wa mtoto kujua kama ana utapiamlo. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu, mtoto anapelekwa hospitalini haraka. Wanafuatilia wajawazito ambao hawajaanza kliniki na wagonjwa walioacha dawa za TB njiani. Katika kaunti za karibu na Ziwa Victoria, ambako malaria ni nyingi, wanapima kwa tone la damu na kumpa mgonjwa dawa papo hapo nyumbani. Huku Nairobi, kinachotunyemelea zaidi kimyakimya ni presha na kisukari, ndiyo maana begi lina mashine za vyote viwili.

Mabegi hayo si ya zamani. Yalianza kutolewa Septemba 2023, wakati serikali ilipozindua wahudumu takriban 100,000 nchini kote na kuwapa simu za kuingiza data badala ya yale madaftari makubwa. Hapo awali waliitwa watu wa kujitolea, na wengi walikuwa wanajitolea kwelikweli, bila hata nauli. Oktoba mwaka huohuo sheria ya huduma za afya ya msingi ikatiwa saini, na wakatambuliwa rasmi.

Huwezi kujiteua. Unachaguliwa na watu wa mtaa wako, na lazima uwe mkazi, ujue kusoma na kuandika, na uwe mtu ambaye majirani watamfungulia mlango. Mtaala wa Wizara ya Afya uliotumika kwa miaka mingi ulikuwa na moduli 13. Sita ni za msingi: kuzungumza na watu, kuweka rekodi, huduma ya kwanza na mambo kama hayo. Saba ni za kiufundi, kuanzia lishe na uzazi hadi magonjwa yasiyoambukiza. Juu yao kuna afisa wa afya aliyeajiriwa anayewasimamia. Kwa maoni yangu, somo gumu kuliko yote ni kujua mahali pa kukomea, kwa sababu mtaani ukishika mashine ya presha tu tayari unaitwa daktari, na watu wanakudai dawa.

Sasa tuongee pesa. Mhudumu mmoja hupewa takriban nyumba 100. Posho iliyokubaliwa ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Piga hesabu: Sh50 kwa nyumba, mwezi mzima. Na katika baadhi ya kaunti hata hizo huchelewa. Ndiyo maana wangu anauza sukuma. Anatembelea nyumba asubuhi, jioni yuko kibandani. Halafu tunashangaa kwa nini vijana hawaikimbilii kazi hii.

Kuna jambo lingine ambalo marafiki zangu, hasa wasichana, wamenitajia. Huyu mtu ni jirani. Anamjua mamako, mko kanisa moja. Utamwambia vipi unataka kupanga uzazi, au unatumia ARV? Wapo wanaopanda matatu hadi mtaa wa mbali kwa sababu hiyo tu. Mafunzo yanasisitiza usiri, lakini uvumi wa ploti nao haulali, na mhudumu mmoja mwenye mdomo anaharibia wenzake wote. Siwalaumu wanaoogopa. Wangu nimemchunguza: hajawahi kunitajia habari za jirani hata mmoja.

Kama humjui wako, uliza zahanati ya karibu au mzee wa nyumba kumi. Mpe siku ambayo hujafunga mlango. Sisi wa kutoka saa kumi na mbili na kurudi saa tatu usiku ndio hawatupati kamwe.

Zahanati waliniambia nirudi kupimwa siku tatu tofauti. Nikaenda mbili, nikalegea. Juzi nilipita kibandani kununua sukuma ya ishirini. Kabla hajanipa chenji, akainama na kuniuliza kwa sauti ya chini kama nimemaliza. Nikadanganya kwamba nimemaliza. Akaniangalia tu, akaendelea kukatakata mboga.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye foleni.