Vimiminika vya Ioni katika Plastiki ya Wanga: Istilahi na Sera

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Katika mijadala ya mbadala wake, plastiki ya wanga wa muhogo au mahindi hutajwa kuwa "plastiki inayooza". Makala haya yanaonyesha kuwa sifa hiyo haitoshelezi pasipo kutaja kilainishi kilichotumika.

Wanga ni minyororo mirefu ya molekuli, yaani amilosi na amilopektini, iliyoshikamana kwa vifungo vya haidrojeni. Ukipashwa moto peke yake, huharibika kabla ya kuyeyuka. Kwa hiyo huchanganywa na kilainishi, ambacho molekuli zake ndogo hupenya kati ya minyororo, hulegeza vifungo na kuiwezesha minyororo kuteleza. Kilainishi kilichozoeleka ni gliseroli. Kasoro yake ni kwamba huvuta unyevu. Aidha, kadiri muda unavyopita, minyororo hujipanga upya na plastiki hukakamaa.

Vimiminika vya ioni ni chumvi zinazoyeyuka chini ya nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801. Ioni zake, kama vile za imidazoli, ni kubwa na hazina ulinganifu, hivyo hazijipangi kwa urahisi kuwa fuwele. Ioni zake hasi, mathalani kloridi au asetati, hushikana na makundi ya haidroksili ya wanga na kuvunja vifungo vya awali. Aidha, vimiminika hivi havivukizwi kwa urahisi. Majaribio ya wanga wa mahindi yameonyesha kuwa vinaweza kuipa plastiki unyumbufu mkubwa kuliko gliseroli.

Hapa ndipo istilahi inapogusa sera. Neno "chumvi" humwelekeza msomaji jikoni, na "kilainishi" humfanya adhani ni kitu kisicho na madhara. Hata hivyo, baadhi ya vimiminika vya imidazoli havivunjwivunjwi kwa urahisi na bakteria, na vina sumu kwa viumbe wa majini. Wanga unaweza kuoza, kilainishi kikabaki udongoni au kikasombwa na maji. Chumvi za kolini huchunguzwa kama mbadala wenye sumu ndogo.

Kwa hiyo, viwango vinavyoandikwa kwa Kiswahili havina budi kutofautisha "wanga unaooza" na "bidhaa inayooza", kulazimisha kilainishi kitajwe kwa jina, na kudai kipimo cha kuoza kifanyiwe bidhaa nzima.