Ritifaa na Mpaka wa Lugha Pachikwa: Mfano wa Majina ya Kata za Handeni

Katika nadharia aliyoichapisha mwaka 1993 kwa kutumia data ya mazungumzo ya Nairobi, Carol Myers-Scotton alibainisha kuwa panapochanganywa lugha mbili, moja huwa lugha kuu inayotoa muundo, na nyingine huwa lugha pachikwa. Katika umbo *nimedownload*, viambishi ni vya Kiswahili ilhali mzizi ni wa Kiingereza, na mpaka baina yao hauhitaji alama yoyote.

Lugha za programu nazo hupachikwa, lakini kwa masharti makali zaidi. Programu ya Python inayotafuta taarifa katika hifadhidata aghalabu hubeba ndani yake amri ya lugha nyingine, SQL. Python haiichanganui amri hiyo. Huichukulia kuwa mfuatano wa herufi tu na kuikabidhi kwa hifadhidata, ambayo ndiyo huifasiri. Ndani ya amri, jina linalotafutwa hufungiwa kati ya ritifaa mbili.

Hapo ndipo othografia ya Kiswahili inapoguswa. Kata mbili za Wilaya ya Handeni zinatosha kulidhihirisha jambo hili. Sharti *jina = 'Kwaluguru'* hutekelezwa bila tatizo. Sharti *jina = 'Kang'ata'* hukwama: ritifaa ya katikati huhesabiwa kuwa mwisho wa jina, hivyo hifadhidata husoma *Kang*, kisha hukuta mabaki isiyoweza kuyafasiri. Alama iliyo sehemu ya tahajia imesomwa kama mpaka wa lugha.

Kuiondoa ritifaa si suluhisho. Kifonolojia, *ng'* ni nazali ya kaakaa laini, /ŋ/, ilhali *ng* ni nazali hiyo ikifuatiwa na kipasuo, /ŋg/. *Ng'oa* ni kutoa kilichoshika ardhini; *ngoa* ni wivu. Rejista inayoandika *Kangata* imebadili jina la mahali.

SQL huruhusu ritifaa iandikwe mara mbili, *'Kang''ata'*. Hata hivyo, njia iliyo salama zaidi ni kuacha nafasi katika amri, *jina = ?*, na kulipeleka jina lenyewe kando. Kwa njia hiyo, chochote kitakachoandikwa mahali pa jina, hata kama ni amri iliyopenyezwa kwa hila, kitabaki kuwa jina.

Kwa hiyo, mzungumzaji hupachika kwa kuunganisha, ilhali programu hupachika kwa kutenganisha. Kang'ata inapokataliwa na mfumo, kinachopaswa kusahihishwa ni programu, wala si tahajia ya Kiswahili.