Damu Yasema Nini juu ya Kansa ya Ini?

Kansa ya ini huingia mwilini kimya kimya. Mtu hulima, hula, husafiri. Kisha siku moja jamaa zake wanaona kwamba amekonda, tumbo limejaa maji, macho yamekuwa manjano. Wakimfikisha hospitalini huuliza neno moja tu: «Daktari, je, dawa itamfaa?» Swali hilo ni gumu, lakini damu kidogo yaweza kumsaidia daktari kulijibu.

Mwaka 1963, huko Moscow, mtaalamu Garri Abelev aliwachunguza panya wenye uvimbe wa ini. Akakuta katika damu yao protini ambayo hutengenezwa na ini la mtoto angali tumboni mwa mama. Mwaka uliofuata Yuri Tatarinov aliiona katika damu ya mtu mwenye kansa ya ini. Protini hiyo huitwa alfa-fetoprotini. Mtoto akiisha kuzaliwa hupungua, na kwa mtu mzima kwa kawaida haipiti nanogramu 10 katika mililita moja. Lakini kansa ikilishika ini, mara nyingi chembe zake hurudia kazi ile ya kabla ya kuzaliwa, na kiasi chaweza kupanda kufika mia, elfu, hata zaidi.

Kiasi kikiwa kikubwa sana kabla ya matibabu, mara nyingi kansa ni kali, na ni rahisi kurudi hata baada ya kupasuliwa. Lakini, kwa maoni yangu, faida kubwa hupatikana baadaye. Uvimbe ukiondolewa wote, protini hiyo hupungua kwa nusu kila siku 5 au 6 hivi. Isiposhuka mpaka kiasi cha kawaida, yafaa kushuku kwamba kuna mabaki yaliyojificha. Ikishuka, kisha ikapanda tena, daktari huanza kuitafuta kansa kabla mgonjwa hajasikia maumivu.

Kipimo hiki kimesaidia pia kuchagua dawa. Dawa iitwayo ramusirumabu ilijaribiwa kwanza kwa wagonjwa wa kila namna, wala haikuonyesha faida ya hakika. Jaribio la pili, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2019, liliwachukua tu wale wenye nanogramu 400 au zaidi. Nusu ya waliopewa dawa waliishi kupita miezi 8 na nusu. Kwa wasiopewa, ilikuwa miezi 7 na siku chache. Tofauti ni mwezi mmoja na kidogo! Aliyeketi kando ya kitanda cha baba yake hataudharau mwezi huo. Hata hivyo ni haki jamaa waambiwe kadiri ya tumaini lenyewe kabla hawajauza ng'ombe.

Kwa dawa mpya zinazoamsha kinga ya mwili, tangu mwaka 2022 waganga wana hesabu nyingine: hutazama alfa-fetoprotini pamoja na CRP, protini ambayo hupanda mwili unapowaka kwa ugonjwa. Wenye vyote viwili chini huelekea kuishi zaidi. Wenye vyote viwili juu, muda mfupi. Tena hupimwa bilirubini na albumini, maana ini lililochoka halistahimili dawa kali.

Lakini asiwepo mtu wa kutishwa na karatasi moja. Mama mwenye mimba huwa na alfa-fetoprotini nyingi bila ugonjwa wowote. Ini lenye hepatiti nalo laweza kuipandisha. Kinyume chake, karibu theluthi moja ya wenye kansa ya ini hawana ongezeko lolote.

Katika Afrika yetu kansa hii huletwa hasa na hepatiti B, na sumu ya ukungu ulioota katika karanga na mahindi huizidisha hatari. Wengi hushikwa wangali vijana, na hufika hospitalini uvimbe ukiwa umekwisha kuwa mkubwa. Kwa hiyo mwenye hepatiti B ya siku nyingi amwulize daktari kama yampasa kupimwa kila miezi 6, kwa ekografi na kwa damu, wakati uvimbe, kama upo, ungali mdogo wa kuweza kukatwa.