KUITAMBUA ANWANI YA CHOMBO KATIKA MTANDAO USIO NA WAYA

Watumishi wa Serikali na wakazi wa Liuli watumiao mtandao usio na waya, yaani waifai, katika ofisi za umma wanaelezwa hapa namna ya kuitambua anwani ya vyombo vyao. Jambo lenyewe laonekana dogo. Hata hivyo, mtumishi ambaye kompyuta yake imekataliwa na mtandao siku ya kupeleka taarifa huenda akalazimika kusafiri hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, kisha akarudi mikono mitupu kwa kuwa alimpelekea fundi namba isiyo yenyewe.

Kila chombo chenye waifai hupewa kiwandani namba iitwayo anwani ya MAC. Namba hiyo ina alama 12 zilizopangwa mbili mbili, mfano 00:00:5E:00:53:1F. Alama hizo ni tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F tu. Kwa hiyo kiduara kionekanacho humo ni sifuri, kamwe si herufi O. Alama 6 za mwanzo humtambulisha mtengenezaji.

Wengi huichanganya na IMEI. Hiyo ina tarakimu 15, hupatikana kwa kubonyeza *#06#, nayo ndiyo iliyotumika Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozifungia simu bandia. Haimfai fundi wa waifai.

Katika simu nyingi za Android, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu Simu, kisha Hali. Katika iPhone fungua Mipangilio, Jumla, halafu Kuhusu. Katika kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig /all, na usome mstari wa Physical Address ulio chini ya kichwa chenye neno Wi-Fi. Mistari ya namna hiyo huwa kadhaa, na ule wa waya au wa Bluetooth hautakiwi.

Lipo tatizo jingine linalowasumbua hata mafundi. Simu za Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, kwa kawaida huuonyesha mtandao anwani ya kubuni badala ya ile ya kiwandani. Fundi akiwa ameandikisha ile ya kiwandani, simu itakataliwa ingawa namba aliyopewa ni sahihi. Dalili yake ni kwamba alama ya pili huwa 2, 6, A au E. Mtumishi afungue mipangilio ya mtandao wa ofisi, sehemu ya faragha, achague anwani halisi ya chombo. Afanye hivyo kwa mtandao huo pekee, maana kwingineko anwani ya kubuni humkinga asifuatiliwe.

Fundi apelekewe anwani hiyo, jina la mtandao na saa ambayo chombo kilikataliwa. Anwani hizi zisibandikwe ukutani pamoja na majina ya wenyewe. Aidha, kwa kuwa mjuzi aweza kuiga anwani ya chombo cha mwenzake, nywila ya mtandao bado itahitajika.