Mazoezi Sahihi, Mtihani Hafifu: Akili Mnemba Darasani

Mwalimu akusanyapo madaftari na kukuta kila hesabu imekokotolewa vizuri, kwa desturi huona kwamba somo limeeleweka. Ushahidi huo umeanza kutiliwa shaka tangu Novemba 2022, kampuni ya OpenAI ya Marekani ilipotoa ChatGPT, programu ya kompyuta iwezayo kujibu maswali na kutunga insha kwa muda mfupi mno. Programu za namna hii ni aina ya akili mnemba. Yafaa ieleweke kwamba hazina kitabu cha majibu ndani yake. Baada ya kufunzwa kwa maandishi mengi kupita kiasi, hukadiria neno lipi lielekee kufuata jingine. Ndiyo maana huweza kukosea bila kusita hata kidogo.

Je, mwanafunzi azitumiaye hujifunza zaidi, au hujifunza kidogo? Mwaka 2023 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walilijaribu swali hilo katika shule ya sekondari nchini Uturuki, na matokeo yakachapishwa mwaka 2025. Wanafunzi wapatao 1,000 walifundishwa hisabati na walimu wao kama kawaida, kisha wakafanya mazoezi katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilitumia vitabu na madaftari tu. La pili lilipewa programu ya GPT-4 iliyojibu lolote iliyoulizwa. La tatu lilipewa programu ile ile, lakini imefungwa kwa masharti: iliwekewa majibu sahihi pamoja na maelekezo ya walimu, ikaagizwa itoe vidokezo bila kufichua jibu. Hatimaye misaada yote iliondolewa, na kila mwanafunzi akafanya mtihani peke yake.

Katika mazoezi, kundi la pili lililizidi la kwanza kwa asilimia 48, na la tatu kwa asilimia 127. Mtihani ukageuza mambo. Kundi la pili lilipata alama pungufu kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuigusa programu yoyote. La tatu lilikuwa sawa nao: halikupata hasara, wala faida iliyo dhahiri.

Maswali yaliyoandikiwa programu yalieleza mengi. Wengi wa kundi la pili waliuliza tu jibu ni lipi. Tena programu yao ilijibu sawasawa takriban nusu tu ya maswali, hata wapo waliodhurika kwa kufuata makosa yake. La kusikitisha zaidi ni kwamba kundi hilo halikutambua kuwa limejifunza kidogo, nalo la tatu liliamini limewashinda wenzake.

Kujidanganya huku kuna umri mkubwa kuliko kompyuta. Kila aliyewahi kufunua kurasa za mwisho za kitabu, penye majibu, kabla ya kuhangaika na swali lenyewe, anakufahamu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, waliwasomesha wanafunzi vifungu vya habari. Baadhi walivisoma tena. Wengine walivifunika wakaandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya juma moja, walioongoza ni wale waliojilazimisha kukumbuka. Jitihada ya kutafuta, ambayo humwonyesha mwanafunzi kana kwamba anashindwa, ndiyo iliyokuwa ikilipanda somo akilini, na ndiyo hiyo inayoondolewa na jibu lililo tayari.

Majaribio ya Uturuki yalikuwa ya vipindi vinne tu, vya dakika 90 kila kimoja, na katika somo moja. Hayawezi kusema lolote juu ya mwanafunzi atakayeishi na programu hizi kwa miaka minne ya sekondari. Hata hivyo, tofauti ya kundi la pili na la tatu haikutokana na mtambo, kwani mtambo ulikuwa mmoja. Ilitokana na maelekezo, na maelekezo hayo yaliwahitaji walimu, maana ndio wajuao ni hatua ipi ya mlinganyo humkwaza mwanafunzi wao.