Mwenye zahanati, je, mgonjwa atakupata usiku?

Siku hizi mkazi wa mjini akiugua ghafla usiku, aghalabu habishi hodi kwa jirani kuuliza zahanati iliko. Huchukua simu yake na kuandika: "duka la dawa lililo wazi karibu nami." Jibu litakalotokea ndilo atakalolifuata. Likiwa si la kweli, atalipa nauli ya bodaboda ili kuufikia mlango uliofungwa.

Sisi matabibu tunajua gharama ya mlango huo. Aliyebakwa, au muuguzi aliyechomwa na sindano iliyotumika, anapaswa kuanza dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, ziitwazo PEP, kabla ya saa 72 kupita. Kadiri anavyowahi ndivyo bora. Tukio likitokea Ijumaa saa tatu usiku, muda huo unakwisha Jumatatu saa tatu usiku, na wikendi nzima imo humo. Mtoto ambaye degedege lake limepita dakika tano anahitaji hospitali mara moja.

Kwa hivyo, msomaji, iwapo unamiliki zahanati, kliniki ya meno au duka la dawa, nitakueleza jinsi ya kuifanya mitambo ya kutafuta habari kwenye intaneti ikuelewe. Iwapo wewe ni mgonjwa, yapo yako pia mwishoni.

Tarakilishi haisomi kama wewe

Ukikuta kwenye tovuti maneno "Tuko wazi 8 hadi 8, Jumapili baada ya kanisa", unaelewa mara moja. Tarakilishi haina uhakika kama 8 ya kwanza ni ya asubuhi, wala haijui kanisa lenu humalizika saa ngapi. Hukisia, na ikishindwa huliacha jambo lenyewe.

Tiba yake ni data zilizopangwa. Haya ni maelezo mafupi yanayowekwa ndani ya ukurasa wa tovuti, mahali ambapo macho ya kawaida hayafiki lakini mtambo huona. Kila jambo hupewa jina lake na nafasi yake, kama vile kadi ya mgonjwa ilivyo na nafasi ya jina, umri, uzani na joto la mwili.

Majina hayo yana mapatano. Mwaka 2011 kampuni za Google, Microsoft na Yahoo zilianzisha msamiati mmoja uitwao schema.org, na Yandex ya Urusi ikajiunga nao mwaka huo huo. Msamiati huo una aina za pekee kwa hospitali, kliniki, duka la dawa na daktari wa meno. Mtindo wa kuuandika ambao Google hupendekeza huitwa JSON-LD. Fundi wa tovuti ataifanya kazi hiyo. Wajibu wako ni kumpa maelezo sahihi.

Mambo manne ya kuangalia

Kwanza ni saa. Sisi husema saa mbili asubuhi, lakini tarakilishi hutaka 08:00. Saa mbili usiku ni 20:00. Fundi akiandika 02:00 kwa kuwa umemwambia "saa mbili", wagonjwa wataarifiwa kwamba unafungua saa nane usiku. Ikiwa uko wazi usiku na mchana, Google hutaka uandike kwamba unafungua 00:00 na kufunga 23:59. Anayefungua 18:00 na kufunga 03:00 aandike hivyo hivyo kwa pamoja, asiugawe usiku mara mbili. Saa za sikukuu kama Krismasi, Idd na Madaraka zina nafasi yake mbali.

Pili ni mahali. Ramani ya simu hutumia latitudo na longitudo, na Google hutaka kila moja iwe na tarakimu zisizopungua tano baada ya nukta. Nairobi iko kusini mwa Ikweta, hivyo latitudo yake huanza na alama ya kutoa. Alama hiyo ikisahauliwa, kliniki ya katikati ya Nairobi itahamia kaunti ya Samburu, si mbali na Maralal. Ile ya Mombasa itavuka mpaka na kuingia Ethiopia. Eldoret iko kaskazini mwa Ikweta, kwa hivyo haihitaji alama hiyo.

Tatu ni anwani. Sanduku la posta hufikisha barua, si mgonjwa. Nambari ya S.L.P. iwekwe katika nafasi yake, na kwenye nafasi ya mtaa uandike barabara, jengo na orofa.

Nne ni simu. Ianze na +254, na sifuri ya mwanzo iondolewe. Zaidi ya yote, iwe nambari inayojibiwa saa zote ulizosema uko wazi.

Usitarajie miujiza

Data hizi hazikuhakikishii nafasi ya kwanza, na Google yenyewe husema hivyo. Katika kupanga majibu ya biashara za karibu, kampuni hiyo hutazama kama unalingana na kinachotafutwa, umbali wako na umaarufu wako. Wala usijitunuku nyota: tangu Septemba 2019 Google haionyeshi nyota za sifa ambazo biashara imejiwekea kwenye tovuti yake. Isitoshe, ushuhuda wa mgonjwa unaotaja jina na ugonjwa wake ni hatari kwa siri ambayo umeapa kuilinda.

Hakikisha maelezo ni yale yale kwenye tovuti, kwenye ukurasa wako wa biashara wa Google na kwenye bango la mlangoni. Google na schema.org hutoa bure vyombo vya kupimia data hizo. Hata hivyo, vyombo hivyo hukagua uandishi tu. Haviwezi kujua kwamba mfamasia wako huondoka saa mbili usiku ilhali umeandika saa sita. Mteue mfanyakazi mmoja awe na jukumu la kubadilisha saa kwenye tovuti kila zamu zinapobadilika.

Kwa mgonjwa

Kuonekana kwenye simu si leseni. Maelezo hayo hujazwa na mwenye biashara, na mtambo haukagui vyeti vya mtu. Ukiwa na shaka, daktari huthibitishwa na baraza la madaktari, KMPDC, na duka la dawa na Bodi ya Dawa na Sumu.

Kabla ya kuondoka nyumbani, piga simu uulize maswali matatu. Je, mko wazi sasa hivi? Yupo daktari au mfamasia, au ni mlinzi tu? Na dawa au huduma ninayohitaji ipo? Iwapo simu haijibiwi na hali ni ya dharura, usiendelee kutafuta. Nenda moja kwa moja kwenye hospitali kubwa iliyo karibu ambayo ina kitengo cha dharura.