Umelipa, Meseji Haijaingia: Je, Sisi Tunajua?

Uko kaunta ya duka, foleni iko nyuma yako. Umeweka PIN, lakini meseji haijaingia. Mwenye duka anakuangalia. Je, sisi tunajua kuna shida?

Tunafaa kujua kabla hujapiga simu. Tuna seva ambazo kazi yake ni kuchunga mitambo inayobeba malipo yako. Kila mara zinaiuliza kama iko sawa. Jibu likichelewa kupita kiwango tulichoweka, zinamwamsha fundi wa zamu, hata kama ni saa tisa usiku.

Seva moja ya kuchunga haitoshi, kwa sababu nayo inaweza kuzima. Kwa hivyo ziko kadhaa, na zote lazima ziwe na maagizo sawa.

Fikiria mtaa wenye mageti mawili. Askari wa geti la mbele ameambiwa gari fulani lisiingie. Wa geti la nyuma hajaambiwa. Dereva atazunguka tu. Seva nazo ni vivyo hivyo. Tukibadilisha kiwango cha kengele kwenye moja na kusahau nyingine, moja itapiga kelele na nyingine itasema mambo ni shwari. Fundi ataamini ipi? Dakika anazopoteza akiuliza ndizo dakika pesa yako inaning'inia.

Ndiyo maana mipangilio yote inakaa mahali pamoja: nini kichungwe, kengele ilie lini, nani apigiwe simu. Kila badiliko linapewa nambari, mtu wa pili analikagua, kisha linajaribiwa kwenye seva moja kwanza, kwa sababu kosa likisambazwa linafika kote. Likifaulu, seva zingine zinachukua nakala hiyo hiyo. Kila moja hubaki na nakala yake, ili mtandao ukikatika iendelee kuchunga. Iliyobaki na nambari ya zamani inajulikana mara moja.

Pengine unajiuliza: kumbe mnagawana taarifa zetu? La. Seva hizi zinagawana maagizo ya kazi tu. Jina lako, salio lako na PIN yako havimo. Taarifa zako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Sasa, meseji ikichelewa, fanya hivi:

1. Usilipe mara ya pili. Angalia salio na orodha ya miamala kwanza.
2. Pesa ikiwa imetoka, mwombe mwenye duka aangalie upande wake pia.
3. Andika saa, kiasi na nambari uliyolipa, kisha utupigie.
4. Usimpe mtu PIN, hata akisema ni fundi wetu. Fundi wetu haihitaji.

Mara nyingi utakuta tumeshaanza kulishughulikia. Na kama kengele zetu hazijalia, simu yako ndiyo itatuamsha. Usisite kupiga.